Mashua Tuliyoinywesha Maji Jangwani

Rehema, Agnesi, na nyinyi wote tunaokaa pamoja Ijumaa pale ufukweni Hail hapa Maskati, mliniuliza safari ilikuwaje, nikajibu, "Ilikuwa nzuri." Mkacheka. Halafu mkanionyesha ile picha mnayorushiana kwenye simu, mkauliza mbona nimesimama katikati ya bahari nimenyanyua bakuli la mbao juu ya kichwa kama mtu anayeomba mvua. Nikashindwa kujibu hapo hapo. Mnanijua. Macho yote yakinigeukia maneno yananikwama, halafu nikirudi jikoni kuosha vyombo ndiyo yanakuja, tena yamepangana vizuri.

Kwa hiyo nimeandika. Nimeishia darasa la saba na mkono wangu ni mzito, nimekuwa nikiandika kidogo kidogo kwenye meza ya jikoni baada ya kazi. Bi Zuwena akipita anachungulia begani kwangu na kusema, "Bado tu tupo Thumrait? Mbona lori lilikwenda mbio kuliko wewe?"

Mirbat, mahali ilipokuwa imelala

Kwa asiyemjua, Bi Zuwena ndiye mama mwenye nyumba ninayofanyia kazi. Alizaliwa Unguja, akaja Oman akiwa mke kijana, na Kiswahili chake kimebaki cha Unguja mpaka leo. Marehemu mume wake alikuwa mtu wa serikali katika mambo ya uvuvi, na waliishi miaka mingi Mirbat, mji mdogo wa pwani kule kusini, mbele ya Salala. Walipohamia Maskati wavuvi wa Mirbat walimpa marehemu zawadi, mashua ya kale iitwayo Rahma. Haina msumari hata mmoja. Mbao zake zimeshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, mshono kwa mshono, kama mtu ameshona mkoba mkubwa wa mbao. Tangu marehemu afariki ilikuwa imelala bandani kule kule.

Mwaka huu tukasikia kwamba mashua za kale za pwani yote zitakusanywa Mutrah hapa mjini, kwenye Bandari ya Sultan Qaboos, na zitapita kwa msafara mbele ya watu. Bi Zuwena alikuwa anachambua mchele. Akasema bila kuinua uso, "Rahma atakwenda."

Mtoto wake, Bwana Nassor, anayefanya kazi wizarani Al Khuwair, akacheka kwa upole. "Mama, kitu kile ni kikavu kama kuni. Waandaaji wanasema kila mashua itashushwa majini siku moja kabla, na itakayojaa maji haitaingia msafarani. Sasa ikivuja tutaifanya nini? Bora tuwape watu wa hoteli. Mmoja kishaniomba. Wataiweka bustanini, waoteshe maua ndani. Itapendeza."

"Maua?" Bi Zuwena akaweka ungo chini. "Ndani ya Rahma? Nenda kaoteshe maua kwenye gari lako."

Mwisho wakakubaliana. Rahma ikielea, itaingia msafarani na kisha itarudi Mirbat kwa wavuvi. Ikivuja, itakwenda hotelini ikawe chungu cha maua. Bi Zuwena alimpa mkono mwanawe, lakini niliona baadaye chumbani alivyokaa na tasbihi yake mkononi bila kuihesabu.

Ya tiketi na vibali siyasimulii, hayana ladha. Tulipofika Mirbat mimi na yeye tulimkuta Khalfan, mtoto wa mdogo wake, ametangulia na lori lake. Khalfan ni mtu wa mzaha toka asubuhi. Tukamkuta pia Mzee Bakhit, fundi aliyeishona upya mashua na kuilaza ndani ya maji ya khori, mkono wa bahari wa pale, siku nyingi mpaka mbao zikavimba na kukazana. Mzee Bakhit si mtu wa maneno. Alikuwa anatafuna kitu muda wote na kutazama miguu ya watu badala ya nyuso zao.

Mji mzima ulikuja kuiona Rahma ikipakiwa. Na kila aliyekuja alimkumbuka marehemu. Wanaume kwa wanawake walikuwa wanashika kifua na kutupa pole, kwangu mimi pia, kama vile amefariki jana. Bi Zuwena alinifundisha maneno ya Kiarabu ya kujibu rambirambi, nikayasema mpaka yakawa yanatoka yenyewe. Shikeni hilo, litarudi mbele.

Mzee Bakhit alituita watatu. Akasema, na Bi Zuwena akanifasiria, kwamba mashua ya kushonwa ikikauka mbao zinaachana na kamba zinalegea, na kutoka hapa hadi Maskati njia ni jangwa tupu. Ni lazima inyweshwe maji kila kituo, ndani na nje, na ifunikwe magunia mabichi. "Ikifika kavu msiishushe baharini," alisema. "Ipelekeni moja kwa moja kwenye maua." Kumbe habari za maua zilikwisha kufika mpaka Mirbat.

Halafu akauliza nani atakayeshika kazi ya maji. Khalfan akasema yeye anaendesha. Bi Zuwena akashika mgongo wake. Mimi nilikuwa natazama chini, kama kawaida yangu, na kwa kuwa yule mzee naye anatazama chini, macho yake yaliishia kwenye kandambili zangu.

"Huyu," akasema.

Salala hadi Thumrait, kupanda mlima

Juu ya magunia mabichi Bi Zuwena alitandaza mashuka meupe ya nyumbani, yale mazuri, ili jua lisiyakaushe upesi. Khalfan akalalamika kwamba lori lake sasa linafanana na bi harusi. Tulibeba mapipa ya maji nyuma, mashua ikiwa katikati imefungwa kamba, na sisi watatu tukabanana mbele, mimi dirishani.

Salala tulisimama kwenye vibanda vya barabarani. Enyi wenzangu wa Tanga, kuna madafu kule! Madafu, ndizi zinaning'inia mikungu, mapapai. Muuzaji alinikatia dafu na mimi nikasimama nalo mkononi nikasahau kunywa. Bi Zuwena akaniambia, "Kunywa, mwanangu, usilitazame tu. Mimi nnapokuja hapa huwa nnalia kwanza, halafu nnakunywa la pili." Akanunua mengine tukayaweka miguuni.

Mlima wa kutoka Salala ni mkali. Upande mmoja bado majani mabichi na ukungu, ng'ombe wanalala barabarani kama wamelipia. Kisha unapanda, unapanda, na ghafla kijani kinakatika kama kimekatwa kwa mkasi. Mbele ni mchanga na mawe. Hapo hapo kwenye kona nikasikia mlio nyuma, kitu kinagongana.

"Nini hicho?" akauliza Khalfan.

Mimi nilikuwa nishajua. Tuliposimama nikapanda juu na kukuta mapipa mawili yamelala na vifuniko vimefunguka. Mashua ilikuwa salama. Maji yetu yalikuwa yanateremka mlima kurudi Salala.

Khalfan alishika kiuno. "Mimi nimebeba mabomba, nimebeba mbuzi, nimebeba mpaka jenereta. Sijapata kubeba mgonjwa wa kiu."

"Funga domo lako, uendeshe," akasema Bi Zuwena. "Mbele kuna vituo vya mafuta."

Thumrait tulipata ndoo chache kwenye kituo cha mafuta. Kijana wa pale, Mbangladeshi, alinitazama nikipanda na ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne akanifuata akapanda na yeye, akachungulia ndani ya magunia, akashuka, akaniletea mpira wa maji. Tulikula chapati za parata na mayai na chai ya maziwa hapo, tumekaa kwenye kivuli cha lori, na maji yanachuruzika kutoka kwenye mashua yanatudondokea vichwani. Ilikuwa raha. Nilidhani kazi yangu ni rahisi.

Jangwani, kabla ya Haima

Jangwa lile halina hata kilima cha kumpa mtu matumaini. Kila nikipanda juu nilikuta mashuka yamekauka yamekuwa magumu kama karatasi, na magunia chini yake yana joto. Nilikuwa naingiza mkono kushika mbao. Zikiwa na ubaridi nashuka na amani. Safari hii niliposhika, ubaridi haukuwapo. Na kwenye mshono mmoja, karibu na mbele, kidole changu kilihisi ufa mwembamba ambao Mirbat haukuwapo.

Sikumwambia mtu. Nilimimina maji yote yaliyobaki pale pale.

Hatukwenda mbali, tairi likapasuka. La akiba nalo likaonekana halina upepo. Khalfan akajisemea maneno ambayo siyaandiki, akasimamisha gari iliyokuwa inapita, akaondoka na tairi kwenda kulitengeneza. Bi Zuwena alisali, kisha usingizi ukamchukua kule mbele ya lori, milango wazi. Mimi nikabaki peke yangu na mashua na chupa zetu za maji ya kunywa. Nikabakiza moja ya Bi Zuwena. Nyingine zote nikapanda nazo juu, nikawa nazimwaga taratibu juu ya mashuka, hasa upande wa ule ufa.

Hapo likasimama gari la maji, tangi kubwa la buluu, lile la kuwapelekea ngamia maji. Akashuka mzee Mbedui, mrefu, fimbo mkononi. Kingo za lori la Khalfan ni ndefu. Kutoka chini alipo, alichokiona ni kitu kirefu kimefunikwa mashuka meupe, na binti mnyonge anayekimwagia maji. Alitazama kwa muda. Kisha akaweka fimbo chini, akashika kifua chake, akaniambia maneno yale yale niliyoambiwa Mirbat na mji mzima.

Mimi nikafikiri, huyu naye alimjua marehemu mume wa Bi Zuwena. Nikainamisha kichwa, nikajibu vile vile nilivyofundishwa.

Akauliza kitu kingine kwa Kiarabu cha kwao ambacho sikukielewa. Kwa haya zangu nikazidi kuinamisha kichwa. Akatikisa chake kwa huzuni, akatoa simu, akazungumza, akaondoka na gari lake kuelekea kwenye mahema yaliyokuwa yanaonekana mbali. Nikasema moyoni, mtu mwema.

Muda si muda akarudi na mkewe, binti zake, birika la kahawa, tende, na mkeka. Wanawake wakatandika kivulini mwa lori. Yule mama akanishusha, akanikumbatia, akakilaza kichwa changu kifuani pake, akaanza kulia taratibu. Sasa ningefanya nini? Nilikuwa nimechoka, nina kiu, na mashua imefanya ufa mikononi mwangu. Nikalia na mimi, nikalia kweli kweli. Binti zake wakalia. Nikapewa tende, nikazila huku nalia. Upande wa pili vumbi linatimka, gari zinakuja, wanaume wanashuka na kanzu safi, wanasalimiana kwa sauti za chini na kujipanga.

Bi Zuwena akaamka. Akateremka akijifunga mtandio, akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Nani kafa?" akauliza.

Mzee Mbedui akaangalia chini, akaonyesha juu ya lori kwa adabu.

"Yule?" Bi Zuwena akanigeukia, akaniona na machozi na tende mdomoni. "Mwanahamisi! Umewambia nini watu hawa?"

"Sijawaambia kitu, Bibi. Wallahi sijasema kitu."

"Ndo tabu yako hiyo!"

Akamwomba mzee apande. Mzee akapanda, akashika ncha ya shuka, akasoma kitu kimoyomoyo, akafunua. Likatokea gunia. Akafunua gunia. Ukatokea ubao. Alisimama pale juu, watu wote chini wakimtazama, na nilitamani mchanga ufunguke niingie. Walikuwa wamekuja kwa ajili ya kusalia maiti, na maiti ni mashua.

Aliyeanza kucheka ni mkewe. Alicheka huku bado amenishika, nikawa natikisika naye. Kisha wote. Mzee alikaa kwenye ukingo wa lori akapangusa macho kwa kilemba chake, akasema, na Bi Zuwena akanifasiria baadaye, "Nimewatoa watu kwenye usingizi wao, nimewavalisha kanzu, kwa ajili ya mbao!"

Wakati huo huo Khalfan alikuwa anarudi. Alishushwa barabarani na tairi lake, akaona kwa mbali wanawake wameketi mkekani, wanaume wamejipanga, na mama yake mkubwa haonekani kati yao. Akaliachia tairi. Akaja mbio anapiga kelele, "Mama mkubwa! Mama mkubwa yarabi!"

Bi Zuwena akatokeza nyuma ya lori. "Mimi hapa, mjinga we! Kimbilia tairi!"

Maana tairi lilikuwa linaendelea na safari yake, limeacha barabara, linaingia jangwani peke yake. Vijana wawili wa kibedui walilifukuza na gari.

Mzee yule jina lake Musallam. Bi Zuwena alipomweleza habari ya Rahma na kiu yake, alilitazama tangi lake. "Maji haya ni ya ngamia," akasema. Kisha akaitazama mashua. "Lakini ngamia wamekunywa asubuhi. Huyu hajanywa." Akafungua mpira. Wale wanaume waliokuja kusali wakakunja mikono ya kanzu, wakapanda, mmoja anashika mpira, wengine wanageuza magunia. Mimi nilisimama katikati yao nikiwaonyesha kwa kidole, hapa, na hapa, na zaidi hapa kwenye ufa. Ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kuwaamrisha wanaume. Walifanya kila nilichoonyesha.

Tulikula kwao wali na nyama ya ngamia kwenye sinia moja kubwa, wanawake upande wetu. Tulipoondoka Musallam alimwambia Khalfan, "Maiti wenu akielea, nipigieni."

Izki, maji yenye zamu

Baada ya mji wa Adam unaanza kuona milima na mitende, na roho inarudi. Izki tuliegesha karibu na mfereji, ule wa mawe ambao watu wa Oman huuita falaji, maji mazuri yanakwenda taratibu chini ya mitende. Nikaruka na ndoo kama mtu aliyeona ndugu yake. Nilipochota ya pili mtu mmoja akanipigia kelele kutoka shambani.

Kumbe maji ya kunywa ni ya kila mtu, lakini maji ya kumwagilia yana zamu. Kila shamba lina muda wake, yanafunguliwa na kuzibwa kwa jiwe na tambara. Na huwezi kumwambia mwenye zamu kwamba mashua inakunywa. Nilisimama na ndoo zangu, sijui nizirudishe mfereji­ni au nizishike.

Khalfan alijaribu. "Bwana, huyu ni mgonjwa."

"Mgonjwa gani ana urefu huo?"

Akaja kuangalia. Alizunguka lori, akapapasa mishono, akauliza nani aliyeishona. Bi Zuwena alipomtajia Mirbat, akasema baba yake alikuwa akienda pwani kununua samaki wakavu, na alikuwa akiwahadithia kuhusu mashua za kamba, na wao watoto wakidhani anawaongopea. Akasimama kidogo pale, mkono juu ya ubao. Kisha akasema mitende yake itangoja, akaketi mwenyewe ukingoni mwa mfereji akawa ananijazia ndoo. Tulipomaliza akatufungia halwa kwenye karatasi.

Niliingiza mkono chini ya magunia. Mbao zilikuwa za baridi. Ufa sikuuhisi tena, lakini sikuthubutu kufurahi.

Al Khuwair, kwenye foleni

Maskati ilitupokea na foleni. Lori halisogei, jua la adhuhuri liko juu yetu, maji ya ndoo yamekwisha, na huwezi kushuka katikati ya barabara kuu kuomba maji. Watu wa magari ya pembeni wanapiga picha. Mimi nimejifunika uso kwa mtandio.

Bi Zuwena akampigia mwanawe. "Nassor, tupo chini ya ofisi zenu. Rahma anaungua."

"Mama, niko kwenye mkutano."

"Kaa na mkutano wako."

Hatujasogea hata urefu wa lori moja, namwona Bwana Nassor anakuja kwa miguu kati ya magari, kanzu nyeupe, kofia nzuri, amekumbatia katoni la chupa za maji za ofisini. Nyuma yake yuko mlinzi wa ofisi na katoni jingine. Alipanda juu ya lori, viatu vya ngozi na yote, akanyoosha mkono nimpe magunia. Aliposhuka kanzu yake ilikuwa na rangi ya makumbi kuanzia kifuani mpaka magotini, na Bi Zuwena alimtazama kama anavyomtazama mtoto aliyemaliza kula chakula chote.

Mutrah, siku ya kushushwa

Winchi iliinyanyua Rahma juu ya bandari na mimi nikafumba macho. Niliposikia watu wa Mirbat wanasema "hah" kwa pamoja, nikafumbua. Ilikuwa majini. Wapiga makasia walikuwa wamekuja kwa basi pamoja na Mzee Bakhit, na yeye alikuwa tayari ndani, amepiga magoti, anatazama mishono.

Maji yaliingia. Siwafichi. Yaliingia kwenye ule mshono wa mbele, membamba kama uzi, kisha kwenye mwingine. Kijana wa waandaaji, aliyevaa koti la kuokolea la rangi ya machungwa, alibandika utepe mwekundu ubavuni kwa ndani. Akasema atarudi baada ya alasiri. Maji yakifika kwenye utepe, mashua inatolewa.

Bwana Nassor alimshika mama yake bega. "Mama, usihuzunike. Imefika, hilo peke yake ni jambo."

Mzee Bakhit akainua mkono akaniita kwa kidole, na akanitupia kile kitu mnachokiita bakuli. Kinaitwa upo. Ni kijiko kikubwa cha mbao cha kufulia maji, yaani kuyachota ndani ya chombo na kuyamwaga nje. Bwana Nassor akasema wapo vijana wenye nguvu. Mzee Bakhit akatafuna, akatazama kandambili zangu. "Aliyemtia maji ndiye atakayemtoa maji."

Nikaingia. Nilifua maji mchana ule wote, Bi Zuwena ameketi ukingoni mwa gati juu ya kiti cha plastiki, ananitazama mimi na utepe, mimi na utepe. Hakula. Maji yalipanda kwanza, yakakaribia kabisa. Mikono ikawa haisikii. Kisha nikaona kwamba nikichota, yanachelewa kurudi. Nikapumzika kidogo kwa makusudi. Yakachelewa zaidi. Mbao zilikuwa zinakunywa na kukazana. Yale maji ya njiani kote hazikuyasahau.

Yule kijana aliporudi utepe ulikuwa mkavu. Akaandika jina la Rahma kati ya zitakazopita. Bi Zuwena aliniambia, "Toka sasa, mwanangu, inatosha," akaninyooshea mikono miwili akanivuta.

Mutrah, siku ya msafara

Mlio wa kwanza wa honi ulipigwa na mashua zikaanza kutoka moja baada ya nyingine. Zilikuwapo kubwa zilizopambwa bendera, na ndogo za makuti ya mitende kutoka pwani ya kaskazini. Barabara ya ufukweni ilijaa watu mpaka chini ya ngome, na kwenye meli ya watalii watu walijipanga ghorofa kwa ghorofa. Nilipowaona watu wale wote nilitafuta pa kujificha. Lakini nilikuwa na mpango wangu. Kazi yangu ni kufua maji. Mfua maji anainama. Nitainama mwanzo mpaka mwisho na hakuna atakayeona uso wangu.

Tukatoka. Mzee Bakhit kwenye usukani, wapiga makasia wakiimba na kuitikiana, Bi Zuwena ameketi katikati na buibui lake jipya, koti la kuokolea juu yake, ameshika ukingo wa Rahma kwa mikono miwili. Mimi nikainama, nikapeleka upo chini. Ukagonga mbao. Nikasogea mbele kwenye mshono wangu. Ukagonga mbao. Nikapapasa kwa kiganja, kila mahali. Mbao zilikuwa na ubaridi tu.

Hapakuwa na maji ya kufua. Nikabaki nimeketi hivyo hivyo na upo mapajani, uso wazi mbele ya Mutrah nzima.

Tulipokaribia ukuta wa ufukweni nikamwona Bwana Nassor amembeba mtoto wake mabegani, anapiga picha na kupaza sauti, "Mama! Mama yangu huyo!" anawaambia watu asiowajua. Na hatua chache kutoka alipo, juu ya mawe, kilemba kile kile, fimbo ile ile, mkewe na binti zake pembeni, Mzee Musallam. Khalfan alikuwa amempigia. Alikuwa amevuka jangwa kuja kuangalia.

Aliniona. Akaweka mikono mdomoni akapiga ukelele uliokwenda mpaka kwenye ngome, kwa Kiarabu ambacho safari hii nilikielewa chote: "Ewe mwenye maiti! Maiti wako anaogelea!"

Familia yake ikacheka, na watu wa pembeni wakacheka bila kujua wanacheka nini, na wapiga makasia wa Mirbat wakakosea wimbo.

"Simama, mwanangu," akasema Bi Zuwena. "Unaitwa."

Nikasimama. Nikaunyanyua upo juu ya kichwa changu, juu kabisa ili Mzee Musallam auone vizuri, nikaugeuza mdomo chini.

Halikudondoka hata tone.